Kuanza Ushauri Nasaha: Kabla ya Kikao, Ndani ya Chumba na Wiki Zinazofuata

Neno lenyewe huwapoteza watu. Ukisikia "ushauri nasaha" unategemea kushauriwa: utaeleza shida yako, mwenzako atakuambia la kufanya, utashukuru na kuondoka. Isitoshe, wengi wetu tulilijua neno hili kwenye upimaji wa VVU, ambako mtu hukaa na mhudumu dakika chache kabla ya majibu na nyingine chache baada yake. Tiba ya mazungumzo haiendi hivyo. Mshauri mzuri anaweza kumaliza vikao viwili vizima bila kukuambia hata mara moja "fanya hivi". Anauliza, anasikiliza, anauliza tena. Asiyelijua hili hutoka kikao cha kwanza akinung'unika kwamba amelipa fedha ili aulizwe maswali, na harudi tena. Hapo ndipo watu wengi hupotelea, nasi tungependa usiwe mmoja wao.

Ujue unakwenda kwa nani

Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari kwanza, ndipo akabobea. Yeye huandika dawa na anaweza kukulaza. Mwanasaikolojia tiba hupima hali yako kwa maswali maalumu na kutibu kwa mazungumzo na mazoezi, haandiki dawa. Mshauri nasaha, ambaye wengine humwita mnasihi, naye hutumia mazungumzo, na mara nyingi hushughulika na msiba, ndoa, msongo wa mawazo, ulevi na mambo ya kazini. Katika hospitali za umma Tanzania utamkuta pia afisa ustawi wa jamii. Usimpite. Huyu ndiye anayetathmini msamaha wa gharama kwa asiyejiweza, na ndiye anayejua nani katika hospitali hiyo anatoa ushauri na siku zipi.

Huna haja ya kuanzia hospitali kubwa kama Muhimbili, Mirembe ya Dodoma, Kidongo Chekundu ya Zanzibar au Mathari ya Nairobi. Hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa inatosha kuanzia. Uliza mapokezi: "Kliniki ya afya ya akili huwa siku gani?" Mara nyingi si kila siku, na wanaokwenda bila kuuliza hurudishwa nyumbani, safari ya pili hawaifanyi. Ukiona aibu kukaa kwenye benchi la kliniki hiyo, kumbuka kuwa wagonjwa wa kifafa nao huhudumiwa hapohapo mara nyingi. Anayekuona pale hajui umefuata nini.

Kama dalili zako ziko mwilini, yaani moyo kwenda mbio, jasho, kukonda, uchovu usioisha, kichwa kuuma kila siku, omba kwanza upimwe presha, sukari, wingi wa damu na, daktari akiona inafaa, homoni za tezi ya shingoni. Tezi hiyo ikizidisha kazi, mtu hupata jakamoyo na kukosa usingizi kama aliyejaa wasiwasi. Upungufu wa damu nao humfanya mtu aonekane amesononeka. Ni hasara kuzungumza miezi mitatu juu ya tatizo lililohitaji vidonge vya madini ya chuma. Na kinyume chake hutokea pia: mtu hutibiwa malaria na taifodi mara nne kwa mwaka bila kipimo kuonyesha kitu, kumbe ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka.

Ukichagua mtaalamu wa binafsi, muulize kabla ya kulipa. Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliyounda bodi ya kuwasajili, kwa hiyo omba namba ya usajili. Tanzania, daktari wa magonjwa ya akili lazima awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kwa mwanasaikolojia au mshauri, uliza amesomea nini, chuo gani, na nani anamsimamia kazi yake. Mtaalamu wa kweli haudhiki na maswali haya. Anayejibu kwa ukali, au kukuambia tu kwamba ana kipaji, mwache.

Yapo pia mambo ambayo ukiyaona unaondoka bila kuaga: anayekuhakikishia utapona kwa siku tatu, anayetaka malipo ya vikao 20 kwa mkupuo, anayetaka mkutane hotelini au nyumbani kwake usiku, anayekusimulia siri za mteja mwingine, anayekukopa fedha, anayekushika mwili kwa namna isiyo ya kitabibu, anayekuamuru uache dawa ulizoandikiwa na daktari. Uhusiano wa kimapenzi kati ya mshauri na mteja ni mwiko katika taaluma hii, hata kama mteja mwenyewe ndiye aliyeanza.

Siku chache kabla

Chukua karatasi moja, isizidi. Andika kinachokusumbua kwa maneno yako, kilianza lini, na umeshajaribu nini. Chini yake andika dawa zote unazotumia, pamoja na miti shamba, dawa za uzazi wa mpango na za presha, maana baadhi hugusa hisia na usingizi. Kwa siku saba andika saa uliyolala na saa uliyoamka. Karatasi hii itakuokoa, kwani wengi hufika chumbani na maneno yote yakayeyuka.

Unapopiga simu kupanga, uliza mambo manne: bei ya kikao kimoja, kikao ni dakika ngapi, inakuwaje ukishindwa kufika, na kama utapewa risiti. Kwa kawaida kikao huwa dakika 45 hadi 60, cha kwanza huweza kufika 90, na wengi hutaka utoe taarifa saa 24 kabla ya kuahirisha. Kama una bima, uliza bima yenyewe na wala si mapokezi: je, inalipia ushauri au dawa tu, na inahitaji barua ya rufaa?

Uliza pia lugha. Wataalamu wengi wamesoma kwa Kiingereza na hujikuta wanachanganya. Una haki ya kusema unataka Kiswahili, kwa sababu huzuni, simanzi, uchungu, kinyongo, fadhaa na kihoro si kitu kimoja, na kazi ya chumba kile ni kutenganisha hayo. Na kama unafikiri kwa Kichaga au Kikamba ukiwa na hasira, sema hivyo hivyo, kisha ulifafanue neno.

Kikao cha kwanza

Fika dakika 15 mapema, kuna fomu. Watauliza jina, umri, kazi, na mtu wa karibu wa kupigiwa simu. Hapo usiandike mume au mke kwa mazoea tu. Andika mtu ambaye jina la kliniki likitokea kwenye simu yake hutapata madhara, na uulize atapigiwa kwa sababu gani na ataambiwa nini.

Kisha inakuja ridhaa, na usitie saini kabla ya kuelezwa usiri. Unayosema yanabaki kwa mshauri, lakini usiri una mipaka, na wewe unapaswa kuijua kabla hujafungua mdomo: ukiwa karibu kujidhuru, ukiwa na mpango wa kumdhuru mtu, mtoto akiwa anatendewa ukatili, au mahakama ikiamuru. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka anayejua mtoto anadhulumiwa atoe taarifa. Nje ya hayo, si mwajiri, si mama mkwe, si mchungaji mwenye haki ya kuuliza ulisema nini. Kumbukumbu za afya ni taarifa nyeti chini ya sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022. Uliza faili linafungiwa wapi na nani mwingine analisoma. Katika mji mdogo, ongeza swali hili: "Tukikutana msibani au sokoni, tunasalimianaje?" Washauri wengi watakuachia wewe uanze salamu, na usipoanza hawatakujua.

Maswali yanayofuata yatagusa usingizi, hamu ya kula, pombe, bangi, mirungi, ndoa, utoto, misiba, na kama katika ukoo kuna aliyewahi kuugua akili. Utaulizwa pia waziwazi kama umewahi kufikiria kujiua. Swali hili huulizwa kila mtu. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Kwa wengi ndiyo mara ya kwanza wanapata nafasi ya kulitua. Wapo wanaoficha kwa hofu ya polisi, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu ya Tanzania ina kifungu juu ya kujaribu kujiua. Kuwaza si kosa, na kumweleza mtaalamu unachowaza si kosa. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha aina hiyo kinakiuka katiba.

Huenda ukapewa karatasi ya PHQ-9 inayopima dalili za sonona, ambayo imetafsiriwa kwa Kiswahili. Ina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu likiwa na alama 0 hadi 3, jumla 27. Alama 5 hadi 9 ni dalili nyepesi. Kuanzia 10 mtaalamu huchunguza zaidi. 20 na kuendelea ni hali nzito. Si mtihani wa kufaulu, wala peke yake haithibitishi ugonjwa. Kosa la kawaida ni kuijaza mbele ya ndugu aliyekusindikiza, au kusomewa kwa sauti kwenye korido; majibu yote huwa sifuri. Omba chumba.

Halafu kuna kosa ambalo lugha yetu inatufundisha tangu utotoni. Mtu akiuliza habari, jibu ni nzuri, hata kama umetoka kuzika. "Habari za nyumbani?" "Nzuri." "Hujambo?" "Sijambo." Adabu hii ni njema barabarani, lakini chumbani inakula muda uliolipia. Mshauri akiuliza "Habari za wiki?" jibu lililo na faida ni "Nimelala saa tatu kwa siku na Jumanne nilishindwa kwenda kazini."

Huenda ukalia, na huenda usilie. Huenda ukakaa kimya dakika mbili. Mshauri aliyefunzwa hataujaza ukimya huo kwa haraka. Ukiona swali ni zito mno, sema "hilo bado". Ukiwa umepitia ubakaji, vita au ajali mbaya, si lazima usimulie tukio lote siku ya kwanza, na anayekulazimisha anaweza kukuumiza. Kabla ya kutoka unapaswa kuwa umepata mambo matatu: maelezo mafupi ya jinsi alivyoielewa hali yako, anachopendekeza, na tarehe ya kurudi.

Saa chache baadaye

Kichwa kizito, uchovu, hata njaa kali, ni kawaida. Usipange kikao kikabanana na zamu ya kazi au mkutano. Jipe saa moja ya kutembea au kukaa kimya. Kwa siku hiyo usiache kazi, usiandike talaka, usimpigie baba simu ya kumlaumu kwa yaliyotokea mwaka 1998. Kidonda kimefunuliwa lakini hakijasafishwa. Subiri kikao kijacho.

Nyumbani wakikuuliza, una ruhusa ya kujibu kwa ufupi: "Nimekwenda hospitali, naendelea na matibabu."

Kuanzia kikao cha pili: kazi yenyewe

Sasa mnakubaliana lengo, na lengo lisilopimika halisaidii. "Nataka kuwa na furaha" halina pa kushika. "Nilale kwa muda wa saa sita walau siku nne kwa wiki" linapimika. Vikao huwa mara moja kwa wiki mwanzoni. Tiba ya kubadili fikra na mwenendo kwa kawaida huchukua vikao 8 hadi 20. Upo mpango mfupi wa Shirika la Afya Duniani wa vikao vitano vya dakika 90, uliofanyiwa majaribio Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili, ukiendeshwa na wahudumu wa afya wa jamii waliofunzwa. Kwa hiyo usimdharau mhudumu asiye na shahada ikiwa amefunzwa vizuri na anasimamiwa.

Utapewa mazoezi ya nyumbani. Nafuu kubwa hutoka huko, si kwenye dakika 50 za chumbani. Haya mawili utayakuta mara nyingi.

La kwanza ni daftari la mawazo. Unachora safu nne: tukio, wazo lililokujia, hisia na uzito wake kati ya 0 na 100, na maelezo mengine yanayowezekana. Mfano: bosi hakuitikia salamu. Wazo: amenichukia, nitafukuzwa. Hofu 80. Maelezo mengine: alikuwa na simu sikioni; asubuhi hiyo hakumwitikia yeyote; juzi alinipongeza. Hofu sasa 45. Haikushuka hadi sifuri na haitakiwi. Watu hukosea kwa kuandika usiku yote kwa mkupuo, wakati hisia imeshapoa na akili imeshatunga hadithi yake. Andika ndani ya nusu saa, hata kwenye simu.

La pili ni ngazi ya hofu. Tuseme ulipata ajali ya bodaboda na sasa huwezi kupanda. Unapanga vidato kutoka chepesi kwenda kizito: kusimama kijiweni dakika 10 bila kupanda (hofu 30), kukaa juu ya pikipiki iliyozimwa (45), kwenda mita 200 mtaani na dereva unayemwamini, kofia ngumu kichwani (60), barabara kuu mchana (75), na mwisho njia ileile ya ajali (90). Kila kidato unakirudia siku kadhaa mpaka namba ishuke karibu nusu, ndipo unapanda kinachofuata. Zoezi huharibika kwa njia mbili. Mtu huruka vidato na kuanzia cha juu, akatishika na kuacha. Au hukimbia hofu inapofika kileleni. Mwili unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa, na mara ijayo hofu inakuja na nguvu zaidi. Ukihitaji kupunguza kasi, rudi kidato kimoja, usitoke kabisa.

Kupumua nako utafundishwa: vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, dakika tano, mara mbili kwa siku. Fanya ukiwa umetulia. Anayesubiri hofu ije ndipo ajaribu kwa mara ya kwanza ni kama anayejifunza kuogelea baada ya ngalawa kupinduka.

Dawa zikihitajika

Sonona ya kati na nzito mara nyingi hupata nafuu zaidi dawa na mazungumzo vikienda pamoja. Kati ya dawa za sonona, fluoksetini kwa kawaida humezwa asubuhi na huweza kuleta kichefuchefu siku za mwanzo. Amitriptilini humezwa usiku. Hukausha mdomo, hulaza, hufunga choo, na ikimezwa nyingi ni hatari, kwa hiyo nyumbani itunzwe na mtu mwingine ikiwa mgonjwa ana mawazo ya kujiua. Zote mbili hazifanyi kazi siku hiyohiyo. Huchukua wiki mbili hadi nne au zaidi, na watu wengi huacha siku ya kumi wakisema dawa ni mbovu, wakati madhara yameshakuja na faida bado. Ukipona usizikate mwenyewe: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka ziendelee miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha, kisha zipunguzwe taratibu chini ya daktari.

Sala, dua na ushauri wa sheikh au padri vinaweza kwenda sambamba na haya yote, na mwambie mshauri wako kama ni sehemu ya maisha yako.

Ukifanya kwa simu

Tumia spika za masikioni, kaa mahali ambapo mlango unafungwa au ndani ya gari lililoegeshwa, na weka nywila kwenye programu ya ujumbe. Kubalianeni nani atapiga mtandao ukikatika na baada ya dakika ngapi. Sauti hula bando kidogo sana kuliko video. Mpe mshauri jina la mtaa ulipo kwa wakati huo, maana likitokea la dharura hawezi kukusaidia asipojua uko wapi. Kikao kisirekodiwe na upande wowote bila ridhaa.

Wanandoa

Vikao vya pamoja vinafaa pale ambapo wote wawili wako salama. Kama kuna kipigo, usikubali kikao cha pamoja. Utakachosema chumbani unaweza kukilipia nyumbani. Omba kikao cha peke yako na msaada wa Dawati la Jinsia la polisi, au ukiwa Kenya piga 1195, namba ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia. Na Baraza la Usuluhishi la Ndoa linalotajwa na Sheria ya Ndoa ya 1971 si tiba: kazi yake ni kusuluhisha na kutoa hati kabla ya shauri la talaka.

Isiposaidia

Jaza tena PHQ-9 kila wiki mbili hadi nne. Kushuka kwa alama tano ni mabadiliko ya maana. Ukifika kikao cha sita na hakuna kilichosogea, lisemwe. Hapa heshima hutuponza: tunamwambia mshauri "nashukuru, naendelea vizuri", kisha tunaacha kupokea simu zake. Sema badala yake: "Zoezi la wiki iliyopita sikulielewa", au "Naona tunazungumzia kazi yangu, nami kinachoniuma ni msiba wa mwanangu." Mshauri mzuri hubadili njia. Ikishindikana kabisa, omba rufaa na muhtasari wa maandishi ili usianze upya kwa mwingine. Huna deni la urafiki kwake.

Kuna hali zisizosubiri miadi: kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kutolala siku kadhaa huku mtu akiwa na nguvu za ajabu, kukataa kula na kunywa, mama aliyejifungua karibuni kuchanganyikiwa, au mtu kuwa na mpango na kifaa cha kujiua. Hapo ni hospitali yoyote iliyo karibu, usiku au mchana. Ondoa dawa za wadudu na vidonge ndani ya nyumba, asiachwe peke yake. Kwa mtoto, namba 116 hufanya kazi Tanzania na Kenya. Kenya ipo pia 1199 ya Msalaba Mwekundu.

Kumaliza

Vikao vya mwisho hutenganishwa: kila wiki mbili, kisha mwezi. Katika kimojawapo mtaandika ukurasa mmoja wa tahadhari. Juu, dalili zako za mwanzo kabisa, zile za kwako na si za kitabuni: labda unaacha kupiga pasi, labda unaanza kukwepa simu za dada yako. Chini, mambo matatu utakayofanya wiki hiyohiyo na jina la mtu mmoja utakayemwambia. Mpe mtu huyo nakala, kwani mara nyingi yeye ataziona dalili kabla yako. Na siku ya kuagana uliza jambo moja: ukihitaji kurudi baada ya mwaka, utaanzia tena mapokezi au unaweza kumpigia moja kwa moja.